Sindano Aliyoikana Vernon Stottlemyer

Ndugu waombolezaji, mimi ni Lowell, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome wasifu wake, ingawa shemeji yangu Darlene aliniomba nilainishe maneno na nimeshindwa.

Kaka yetu Vernon alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 hapa Hagerstown, Maryland, akasoma hapahapa hadi 1979, akaingia jeshini, na jeshi likamlipia shahada ya biolojia aliyoipata mwaka 1987. Tarehe 11 Juni 1988 alifunga ndoa na Darlene katika kanisa hili, wakajaliwa mtoto mmoja, Corinne.

Kuanzia 1999 aliwafundisha wanajeshi na watumishi wa ulinzi bioteknolojia, yaani kusoma vinasaba, kutambua vimelea na kuvishika bila kufa, na alikuwa mwalimu hodari mwenye mdomo mchafu. Aliwapaka unga usioonekana kwenye glavu, baadaye akawamulika kwa taa ya zambarau, na aliyewaka usoni, kwa kuwa alijigusa kwa glavu chafu, alifungwa kikaratasi cha mochari kwenye kamba ya kiatu, atembee nacho hadi Ijumaa. Mwaka 2019 aliwaka Sajini Corinne, bintiye wa kumzaa, naye kaka akamwambia mbele ya darasa zima, "Wewe ni maiti, binti yangu, na maiti hali chakula cha mchana." Corinne aliacha jeshi, na baba yake hakumwomba radhi, tulimsihi mpaka tukachoka.

Tarehe 6 Februari mwaka huu, akionyesha namna ya kuchukua sampuli ya homa ya sungura, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza watu, alijichoma sindano kidoleni. Sheria inataka mtu atoe taarifa papo hapo, lakini kaka, kwa kuogopa kuchekwa na wale aliowacheka, alibadilisha glavu akaendelea na somo. Homa ilipompanda alimwambia daktari ni mafua, na Corinne alipokuja na ndege kutoka Tulsa akamuuliza kitandani, "Baba, niambie ukweli, ulijichoma?" alimjibu, "Mimi si wewe." Alifariki tarehe 19 Februari, kwa ugonjwa unaotibika kwa dawa za kawaida, kama daktari angeambiwa.

Tunawashukuru madaktari waliohangaika bila kujua wanatafuta nini, majirani waliotuletea chakula, na wafanyakazi wenzake. Nanyi wanafunzi wake wanne mliokaa safu ya mbele siku ile, mkaiona damu, mkakonyezana, mkanyamaza mpaka alipokufa ndipo mkatuambia, Corinne amewawekea viti karibu na jeneza, tafadhali msogee. Upumzike, kaka Vernon, nasi tupumzike.