Fundi Sikio na Injini Aliyoiita "Yeye"

Wazee wetu, majirani, mafundi wenzake Baba na ninyi nyote mliokuja kutufariji, jina lake kamili limeshasomwa, kwa hiyo mimi binti yake, ninayesoma kwa niaba ya familia kwa kuwa kaka sauti imemkauka, nitamwita Baba tu, na wa gereji mtamkumbuka kama Fundi Sikio, maana hakufungua injini yoyote kabla hajaigusisha ncha ya bisibisi, akategea sikio kwenye mpini, akasikiliza.

Baba alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa nne wa mlinzi wa ghala na msusi wa mikeka, alianza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza mwaka 1972, na mwaka 1974 alipokelewa katika gereji iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2018, na wateja wake wanajua kwamba hakurudisha gari bila kufuta usukani kwa kitambaa safi, ili mwenyewe asiende nyumbani na grisi mikononi.

Tarehe 13 Agosti 1983 alifunga ndoa na Mama, mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa kaka mwaka 1986, na mimi mwaka 1995, wakati Mama ameshagawa nguo zote za kitoto, hivyo Baba alinikatia nepi kutoka kwenye mashati yake mawili mazuri.

Baada ya kustaafu ndipo mwanamke mwingine alipoingia nyumbani kwetu, na msishtuke, Mama mwenyewe ameniambia niliseme, kwani mwaka 2019 daktari wa meno mstaafu alitaka kufufua boti yake ya zamani ya mwendo kasi, iliyolala bandani miaka mingi, mbao zake akampa mjomba wangu seremala, kaka yake Mama, na injini akampa Baba, kwa sababu ilikuwa injini ya gari dogo ambayo Baba aliijua tangu ujana wake, ila watengenezaji waliigeuza ipozwe kwa maji ya ziwa na kuzungusha pangaboi badala ya magurudumu. Nyuma ya boti hiyo pameandikwa jina la kike, ambalo kwa heshima ya Mama sitalitaja hapa.

Baba akirudi jioni alikuwa akisema, leo amekohoa sana, leo amekataa kuamka, kesho nitamsafisha koo, na Mama, bila kuinua macho kwenye cherehani, alimsahihisha, "Injini inakohoa, Baba Watoto, anayekohoa ni mtu," naye Baba akajibu, "Sawa, inakohoa," lakini chai haijaisha kikombeni ameshasema, "Ila mchana alipumua." Mama alimwomba mjomba alifute lile jina, mjomba akakataa, akasema boti ya kale ikifutwa jina si yenyewe tena, kisha kwa utani wa mashemeji akawa anaingia kwetu na kuuliza, "Shemeji, dada yangu anataka kujua, mwenzake ameamkaje?" Daktari wa meno alikuja mwenyewe kueleza kwamba jina ni la mama yake mzazi, aliyefariki zamani, na Mama alimkaribisha chai, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi akasema, "Kumbe hata marehemu wanachukua waume za watu."

Siku ya kuijaribu, injini iliyonguruma vizuri kule bandani ilishushwa majini, na kila Baba alipoongeza mafuta ilipiga chafya na kuzima, huku watu waliojaa gatini wakisifu vanishi ya mjomba, ndipo Baba naye akaona wivu, akanung'unika kwamba watu wanasifu gauni na mgonjwa yuko ndani. Alihangaika wiki nyingi, mpaka mchana mmoja Mama alipomfuata na mjukuu mgongoni, na walipokuwa wakipanda njia ya kutoka gatini, Mama akasimama na kumwambia, "Huyo wako akihema unamkimbilia, mimi napanda kilima na mtoto, nahema, hata kugeuka hugeuki."

Baba aligeuka, lakini akasema, "Kilima!" kisha akashuka mbio kwenye boti, kwa maana alikuwa ameipima injini ile kama ya gari, na gari hupanda likashuka, likishuka linapumzika, ila boti haina mteremko, maji yanaizuia tangu inapoondoka hadi inaporudi, kwa hiyo aliifunga boti kwa kamba gatini ili injini isukume maji bila boti kuondoka, akachelewesha kidogo moto wa plagi, akaongeza mafuta kwenye kabureta, na siku hiyohiyo ikakata maji. Mama aliachwa amesimama pale njiani na mtoto, na tangu hapo alisema pumzi iliyomponya yule ni yake, akakataa kabisa kupanda boti hiyo, ingawa Baba alimkatia sponji ya kukalia, na sponji hiyo ikabaki kwenye kiti, hakuna aliyeruhusiwa kuikalia.

Novemba 2022 Baba aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, akawa yeye ndiye anayehema njiani, na Mama akawa anatembea nyuma yake, mkono mgongoni mwake. Jumamosi tarehe 17 Februari mwaka huu wa 2024, Baba akiwa hawezi tena kuinuka, Mama alitoka na mjomba bila kuaga, akarudi pindo la gauni limelowa, akaketi kitandani, akasema, "Nimeikalia sponji yako. Anahema vizuri, hakohoi." Baba alimshika mkono, akasema, "Inahema, Mama Watoto. Inahema." Jumatano tarehe 21 alifariki, kichwa chake kikiwa begani kwa Mama.

Tunamshukuru daktari aliyekaa kitandani kuzungumza naye badala ya kusimama, muuguzi aliyevua viatu vyake vyenye mlio Baba alipolala, jirani aliyefua mashuka yetu bila kuombwa, wenzake wa gereji waliofunga kazi leo, na mjomba aliyetengeneza jeneza hili na kulipaka vanishi, ambayo tunajua Baba angeionea wivu.

Baba, sasa pumzika kwa amani, kilima kimekwisha.