Damu Kwenye Mfuko

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo fundi saa hakuhitaji hata kutega sikio. Kwenye kiti cha mbele yake, mwashi mmoja alikuwa akimwambia mama aliyekaa naye kwamba baba yake ana mpira mwaka wa kumi na mbili sasa.

"Hongera yake," akasema mama. "Bado anacheza?"

"Mpira wa mkojo, mama."

"Makubwa. Na mimi muuguzi mzima."

Mwashi akaeleza kuwa siku hizi mfuko wa mkojo unaonyesha damu, ila mzee hana wasiwasi, anasema ni mpira unakwaruza tu.

"Mara nyingi ndivyo. Lakini mpira ukikaa miaka mingi kibofu hakipoi, na kwa wachache saratani huota humo humo. Damu haikisiwi, mwanangu, inapimwa."

"Nikimtajia mzee saratani nitamuua kabla ya siku zake."

"Na usipomtajia?"

"Wewe humjui baba."

"Simjui. Vibofu navijua."

Fundi saa akashusha mguu wa suruali yake vizuri, ifunike mfuko uliofungwa mguuni. Nyumbani alikuwa amemwambia mkewe kwamba rangi ile nyekundu ni ya vidonge.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Muuguzi akashuka, mwashi akabaki akibishana na kioo cha dirisha.

"Kuna mwingine wa hospitali?" akauliza kondakta.

"Yupo," akajibu fundi saa, ambaye nauli yake ilikuwa ya vituo vinne zaidi. Aliinuka polepole, maana mfuko ulikuwa umejaa.