Fundi Testa, Miaka Thelathini na Moja na Sabufa Moja

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, fundi wetu wa umeme wa magari anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi minane. Karakana nzima inamwita Fundi Testa, kwa sababu ile bisibisi yake ya kupimia umeme haibanduki juu ya sikio. Ameomba yeye mwenyewe wasifu huu uandikwe na mimi, mkuu wa zamu getini, ambaye wenzangu wananiita Fungua Mkoba. Ombi hilo lilinitia shaka tangu nilipolisikia. Miezi mitano tu iliyopita, nusura mtu huyu aondoke hapa kwa kufukuzwa badala ya kuagwa, na mengi ya hayo yalipita mbele ya macho yangu.

Alianza kazi kampuni ikiwa na malori mawili na gari moja la mizigo midogo lililowaka kwa kusukumwa. Leo magari ni arobaini na matatu, na hakuna hata moja ambalo mkono wake haujaingia chini ya usukani. Amefundisha mafundi wanane, watatu kati yao wana karakana zao. Ndiye aliyegundua kwa nini lori namba saba lilikuwa linapiga honi lenyewe kila likikata kona ya kushoto, baada ya mafundi wa nje kushindwa na dereva kuanza kulisomea dua.

Mimi lakini kazi yangu si kusifu. Kazi yangu ni kushuku, na nimemshuku huyu bwana kwa miaka ishirini na miwili niliyokaa getini. Mtu mpole kupita kiasi, hagombani na yeyote, kila jioni anaweka mkoba mezani kabla hujamwambia. Nani anafanya hivyo kama hana lake? Siku moja nilikuta kiberiti kimejaa mchele mbichi. Akaeleza kwamba anaumwaga juu ya ubao wa gari, redio ikilia, aone unarukaruka wapi, ajue mtetemo unatoka wapi. Nikaandika kwenye daftari la getini: mchele, maelezo hayaridhishi.

Sasa tuje kwenye lile gari kubwa jeusi la viti vinane, linalobeba wageni wa kampuni. Lilikuja na sabufa yake kutoka kiwandani, imefichwa nyuma kabisa, ndani ya ukuta wa plastiki pembeni mwa viti vya mwisho. Besi yake ilikuwa inakoroma kama mzee mwenye mafua. Meneja alichoka kuona haya mbele ya wageni, akaagiza sabufa mpya, kubwa, na amplifaya yake, akamkabidhi Fundi afunge kwa siku tatu. Fundi akachukua tisa. Hapo hata wewe ungeshuku.

Siku ya kumi gari likatoka, na besi ilikuwa besi kweli. Ilikuja taratibu kutoka nyuma ikakukaa kifuani bila kukuumiza masikio. Meneja aliwazungusha wageni uwanjani, milango wazi, akiwaeleza uwezo wa ile sabufa mpya mpaka mimi nikaukariri. Fundi alisimama pembeni akifuta mikono. Hakusema neno, na nikajiambia kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kilichonikera ni sabufa ya zamani. Kwa utaratibu wetu, kifaa kikitolewa garini kinarudi stoo, hata kama kimekufa. Mtunza stoo alikuwa hajakiona. Nikafungua daftari langu, nikakuta kwamba siku ile ya tisa Fundi alitoka na mkoba umetuna kama mjamzito. Sikuufungua, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na malori yalikuwa yamepanga foleni. Niseme ukweli, kosa hilo la kutompekua ndilo lililoninyima usingizi.

Wiki moja baadaye barua isiyo na jina ilifika kwa Meneja. Ilisema Fundi Testa amejitwalia sabufa ya zamani, ikataja siku, ikataja mkoba. Kamati ya nidhamu ikaitwa. Fundi akaambiwa kifaa kisipoonekana, miaka thelathini na moja itafungwa kwa barua ya kufukuzwa, na jina lake litabandikwa ubaoni pamoja na la dereva mmoja aliyewahi kukamatwa akiiba mafuta. Shemeji yetu, mkewe, alikuja mpaka getini kuuliza kama ni kweli. Nilimwambia ofisi inachunguza. Yule mama akarudi zake.

Kamati ilikutana uwanjani, nyuma ya gari. Mimi nilishika tochi. Fundi aliulizwa sabufa ya zamani iko wapi. Akaomba bisibisi ya nyota, akafungua skrubu sita, akabandua ukuta wa plastiki, na sabufa ya zamani ikaonekana palepale ilipozaliwa, na lebo ya kiwanda juu yake.

Ndiyo kusema ile besi iliyosifiwa na wageni wote ilikuwa ni ya zamani. Fundi akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba ile mpya isingeingia bila kukata chuma mahali unapofungwa mkanda wa abiria wa kiti cha mwisho. Alikwenda kumweleza Meneja, akajibiwa kwamba Meneja hataki kusikia hadithi, anataka kusikia besi. Basi akaitafuta besi. Akakuta waya mbili za spika zimegeuzwa tangu gari liliponyooshwa bodi, na boksi linavuja hewa pembeni. Akazirudisha waya, akaziba, akabandika mpira mzito kwenye bati, akajaza boksi pamba. Pamba aliitoa kwenye mito ya nyumbani kwake, na mkoba ulituna kwa sababu alikuwa anarudisha kilichobaki. Shemeji naye alikuwa ameshaanza kumshuku kwa mito inayopungua.

Sabufa mpya ilikuwa kabatini mwake hapa karakana, utepe wa boksi haujakatwa. Alikuwa anangoja siku nzuri ya kumwambia Meneja bila kumwaibisha, na siku hiyo ikawa haiji. Meneja akaomba muziki uwashwe tena, akasikiliza wimbo mzima, akasema kesi imekwisha. Fundi alipewa onyo la mdomo kwa kosa la kunyamaza.

Jumatatu iliyopita nilimuuliza kwa nini amenichagua mimi niandike. Akaniambia kwamba ile barua ilisema alitoka saa kumi na moja na dakika kumi na saba, na katika kampuni hii yote mtu anayeandika dakika ni mmoja tu. Alijua siku ileile aliposomewa. Kwa miezi mitano amepita mbele yangu asubuhi na jioni, akanisalimu, akaniuliza hali ya goti langu, hali anajua. Akaongeza kwamba wengine watamsifu mpaka asijitambue, ila sifa ikitoka kwangu watu watajua imepekuliwa kwanza.

Basi imepekuliwa. Kwa miaka ishirini na miwili sijamkuta na kitu kisicho chake, na jioni moja ambayo sikutazama ndiyo niliyomsingizia. Naona aibu, kwako Fundi na kwa shemeji, ambaye nilimjibu kiofisi hali barua niliiandika mimi. Nisameheni.

Kwa niaba ya karakana, madereva, stoo na ofisi, tunakushukuru kwa kila gari lililowaka asubuhi. Pumzika, mwenzetu. Mungu akupe afya njema na siku ndefu pamoja na familia yako.

Barua ile niliituma bila sahihi. Hii naitia.

Fungua Mkoba,
Mkuu wa Zamu, Lango Kuu