Bi Mbeyu na Magoti ya Halua

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tuna msiba, na tuna mtu wa kumsimulia. Bi Mbeyu Matano, mtunza farasi wa Diani, ametutoka Jumanne. Amezikwa kwao Kikoneni. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Mwanamke na farasi? Naam, farasi! Hawa hawa wanaopandwa na wageni pale mchangani Diani. Bi Mbeyu na mumewe, Mzee Ramadhani, walikuwa nao watatu. Mzee aliwaongoza ufukweni. Bi Mbeyu aliwalisha, akawasugua, akawagombeza. "Mama aliwasemesha kama mawifi zake," anasema binti yake, Hafsa. "Leo wamepatana, kesho wamenuniana."

Sasa sikilizeni kisa. Farasi wao jike, Zari, alizaa mtoto mwenye rangi ya kahawia, wakamwita Kashata. Hata kunyonya hajaacha, magoti yakamvimba. Ya mbele yakavimba, ya nyuma yakavimba. Ilikuwa masika, mvua haikatiki. Na Bi Mbeyu mwenyewe alikuwa na baridi yabisi ya miaka mingi. Akamtazama mtoto yule, akajishika goti, akasema, "Maskini, limekupata gonjwa langu."

Akafanya ambalo mimi na wewe tungelifanya. Akalifunga banda kwa maturubai pande zote, baridi isiingie. Akawasha moto wa makumbi ya nazi. Akamchua magoti kwa mafuta ya moto. Moshi ulijaa humo ndani, na Kashata akawa anakohoa. Bi Mbeyu akasema moshi si neno, maadamu magoti yanapata joto. Akaongeza makumbi. Jamani, Kashata akafa.

Ndipo akaitwa Daktari Cynthia, daktari wa mifugo, mtu wa bara. Akampasua Kashata, akamwita Bi Mbeyu aje aone. Mapafu yalikuwa yamejaa majipu.

"Mama Hafsa, shida haikuwa kwa magoti," daktari akasema. "Kuna kiini cha ugonjwa kinaishi kwa vumbi na samadi. Mtoto anakivuta, kinaingia kwa mapafu. Kinga ya mwili inapigana nacho, na hiyo vita inafika mpaka kwa viungo, vinafura. Lakini kwa magoti yenyewe hakuna usaha. Tungetibu kifua, magoti yangeshuka."

Nirudie, wasikilizaji, maana hapa ndipo penye kisa. Kilichovimba ni magoti. Kilichougua ni kifua. Na kifua kile Bi Mbeyu alikuwa amekifungia ndani ya moshi, kwa mapenzi yake yote.

Mzee Ramadhani anakumbuka. "Nilimwambia, mke wangu, usijitese, kosa moja haliachi mke. Akanijibu, 'Sihofii kuachwa, Ramadhani. Nimeua.'"

Basi Zari akazaa tena. Mtoto mweusi anayeng'aa, wakamwita Halua. Na magoti ya Halua nayo, loo, yakavimba! Safari hii upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, baridi inapenya hadi kwenye mifupa. Mara hii aliyekimbilia turubai ni Mzee mwenyewe. Akalifunga banda, akaenda zake ufukweni. Bi Mbeyu akachukua panga, akazikata kamba moja moja. Jioni Mzee akafunga tena. Asubuhi Bi Mbeyu akakata tena.

"Upepo huu utammaliza!" Mzee akafoka.

"Aliyemmaliza yule wa kwanza ni mimi, si upepo," Bi Mbeyu akamjibu. "Kamba ukizirudisha, nitakata na turubai lenyewe."

Majirani walicheka, eti mama kapandwa na mashetani. Hakuwajali. Alikuwa amemwita Daktari Cynthia tangu siku ile ya kwanza. Daktari akatega sikio kifuani mwa Halua, akasikia kifua kinakwaruza, akatoa dawa. Dawa chungu, ya majuma kwa majuma. Halua aliitema, Bi Mbeyu akamnywesha tena. Alizoa samadi, akanyunyizia uwanja maji ili vumbi litulie, na magoti yake mwenyewe yakimlilia kila alipoinama. Ya Halua hakuyagusa. Kifua kikapoa, na magoti yakashuka yenyewe. Halua leo ni farasi mzima, mtundu wa kupindukia, na Mzee Ramadhani anamringia kana kwamba yeye ndiye aliyekata kamba!

Tangu hapo kila mwenye farasi aliambiwa habari za Kashata, atake asitake. Hafsa aliona haya. "Nilimwambia, mama, kwa nini unajianika hivi? Akasema, 'Wakimjua Kashata, hawatawasha makumbi.'"

Mwezi uliopita moyo wa Bi Mbeyu ulikwisha kuchoka kwa maradhi, hata kutembea hawezi. Akasikia kwamba Mramba, mwenye farasi huko Ukunda, ana mtoto aliyevimba magoti. Akataka tuktuk. Hafsa akakataa. Akataka tuktuk! Walipofika hakuweza kushuka. Lakini moshi aliuona.

"Nilimwambia ni baridi tu, mama," anasema Mramba. "Akanijibu kwa sauti ndogo, 'Nami nilisema hivyo, nikamuua mtoto wa Zari. Mficha maradhi kifo humuumbua. Zima moto, mwanangu, umpigie daktari.' Hakukubali kuondoka mpaka nimefungua banda lote."

Mtoto yule anapumua vizuri, na anaendelea na dawa. Bi Mbeyu hakujaliwa kumwona akikimbia.

Mzee Ramadhani, Hafsa, na jamaa wote wa Kikoneni na Diani, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mola amrehemu Bi Mbeyu, amlaze pema.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, kila mtu ajiulize kimoyomoyo: kuna kosa gani ninalolificha kwa haya, ambalo lau ningelisema, mwenzangu angepona?