Kengele za Ng'ombe Wasiokuwepo

Mko salama, wapendwa? Wale wa nyuma sogeeni, leo sitapaza sauti.

Mnanijua. Nilikuwa nauza dawa ya malaria hapa Kitengela, unga wa gome la olkiloriti, ule mti wa miiba. Watu wakitoka Loitokitok na homa, walikuja kwangu kwanza. Mzee wangu, mume wangu, anatwanga, mimi nachemsha. Na kila aliyekunywa alisema kitu kimoja: "Mama, nasikia kengele za ng'ombe." Ng'ombe hakuna! Mimi najibu, "Ni dawa imekubali." Ndugu zangu, nawaambia, nilijivunia hizo kengele.

Mzee akafariki. Nikatwanga mwenyewe, gome lile lile, kinu kile kile. Kengele zikanyamaza. Wagonjwa walirudi na homa yao, wakiniangalia kama mimi ndiye nimezima kengele. Nikaanza kuogopa kuingia jikoni kwangu.

Halafu mjukuu wangu akaletwa akichemka. Nikampa kikombe, nikamwinamia: "Unasikia kengele?"

"Hapana, shosho."

Nikampa cha pili. Macho yakageuka meupe, mwili ukaanza kutetemeka. Binti yangu alininyang'anya mtoto akakimbia naye hospitali. Mtoto alipona, lakini mama yake hakuniongelesha kwa muda mrefu.

Hapo ndipo nilimkubalia msichana wa maabara anayepima miti shamba, aliyekuwa akiniomba aipime dawa yangu. Nikampa mikebe miwili: wenye unga wa mwisho aliotwanga mzee, na wenye wangu. Akarudi akauliza, "Mama, nani alikuwa anaweka kwinini, ile dawa ya malaria ya hospitali, kwa huu wa zamani? Ikizidi, masikio yanalia. Wako ni gome tu, na tumelipima, halikuua malaria."

Nikaenda kwa koti la mzee, lililoning'inia tangu mazishi. Mfuko wa ndani ulijaa pakiti tupu za vidonge vya kwinini. Miaka yote hiyo hakuamini dawa yangu, na hakuweza kuniambia. Nilimkasirikia marehemu, nikamlilia, yote siku moja.

Mvua iliyopita homa ikanishika mimi. Nikapimwa damu, nikawekewa kwinini. Mchana, wodini, kengele zikaanza kwa mbali, zikija polepole.

"Mzee, umefika?" nikasema. Nesi akauliza naongea na nani.

Asante binti yangu, umenisamehe. Asante yule wa maabara. Homa ikikushika, pimwa damu kwanza. Na ukiwa na shaka na mtu wako, mwambie mkiwa hai.

Sikio la kushoto bado linalia. Daktari anasema kengele zitaisha. Kwa hilo, tafadhali, msiniombee.