Bahasha ya Tatu ya Korongo

Pale kwa fundi viatu, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi, hatuongelei mpira wala siasa. Sisi ni watu wa sarafu za nje. Mwenyeji wetu, fundi viatu mwenyewe, tunamwita Mabara, kwa sababu mwanawe ni baharia wa meli ya mizigo, na kila bandari meli inapotia nanga kijana anamtumia baba yake bahasha ya sarafu za huko. Yupo Sumaku, fundi redio, ambaye haamini sarafu yoyote mpaka aijaribu kwa sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Yupo Mkaguzi, ambaye hajawahi kukagua kitu maishani mwake, anavaa miwani tu. Na mimi hapa, mwenye sarafu chache na maneno mengi. Jana kahawa ilikuwa ndiyo kwanza inamiminwa, Mabara akachana bahasha mpya, na uso ukamshuka.

— Korongo tena! Jamani, bahasha ya tatu hii, sarafu zote zina picha ya ndege yuleyule!

— Lete nijaribu, akasema Sumaku. Umeona? Zimenasa. Chuma tupu.

— Mzee umekwisha, nikamwambia Mabara. Ulituahidi sarafu yenye tundu katikati.

Hapo nilimgusa panapouma. Jumapili wanakuja wenzetu wa mtaa wa pili kubadilishana sarafu, na Mabara ametamba mbele yao kwamba safari hii atawafunga midomo. Mtu akitokea na rundo la korongo wanaofanana atachekwa mpaka ahame mtaa.

— Mwanao kawa mvivu, akasema Sumaku. Hashuki bandarini. Anaokota chenji jikoni humo humo melini.

— Si uvivu, akasema Mkaguzi. Hili mimi nimeliona mapema. Ile nchi ya korongo imezinunua nchi nyingine. Siku hizi uende kokote unakuta korongo.

— Nchi zote?

— Kimyakimya. Imebaki yetu tu.

— Usitupige kamba, Mkaguzi!

— Mimi nasema kaoa huko, nikadakia. Na baba mkwe ndiye bosi wa kiwanda cha sarafu. Kijana anajazwa korongo za bure mfukoni, ahangaike na nyingine za nini?

— Kama kaoa bila kuniambia atanitambua! Mabara akafoka, akigonga msumari kwenye soli. Na huyo mkwe naye, ameshindwa hata kunitafutia moja yenye tundu?

— Kwani barua yake inasemaje? akauliza Sumaku.

— Barua gani? Nilimkataza zamani. Karatasi inaongeza uzito wa bahasha, sarafu zinapungua.

— Na simu?

— Simu ya nini? Nilimwambia hela ya vocha anunulie stempu.

Tukamsifu sana kwa hilo. Mkaguzi akasema wazazi wenye msimamo wa namna hiyo wamebaki wachache.

Ndipo akaja mama mmoja, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi kimekatika mkanda. Akampa Mabara, akaketi mwisho wa benchi kungoja. Alitusikiliza tukimsema kijana wa watu, tena tulimsema vizuri, hatukubakiza. Mwisho akashindwa kuvumilia.

— Samahani baba. Huyo mwanao si ni baharia?

— Ndiyo, mama. Meli za mizigo.

— Sasa baharia anakaa bandari moja muda wote huo kwa sababu gani?

Sumaku akaanza kubandua korongo kwenye sumaku yake. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mimi mjuaji nikainamia kikombe kilichokwisha kahawa nikajifanya nakunywa.

Mabara akaweka nyundo chini, akapangusa gundi vidoleni, akasimama, akapiga simu. Simu yake haisikiki mpaka iwekwe sauti ya nje, kwa hiyo sote tulisikia.

— Shikamoo baba. Bahasha imefika? Nisamehe, najua ni zilezile. Nikitoka tu nitakutafutia nyingine.

— Ukitoka wapi, mwanangu?

— Wodini, baba. Kamba ya meli ilikatika ikanivunja paja. Wenzangu wakaondoka na meli, mimi nikabaki. Hizo sarafu ni chenji ya mkate, namwomba nesi aniwekee, kisha akutumie.

Mabara akatafuta kiti kwa mkono, asikipate, akakaa sakafuni katikati ya viatu vya watu.

— Mbona hukuniambia?

— Si ulisema nisipige, baba? Nikajua ukiona sarafu hazibadiliki utaniuliza.