Waliouegemea Ukuta wa Makumbusho

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na mgongo wake ni ukuta wa nyuma wa makumbusho ya mji. Ukuta huo umepakwa rangi ya maziwa na hauna dirisha hata la kupitisha paka. Juu yake hutundikwa bango la turubai la kutangaza maonyesho ya sanaa. Likichakaa hili, linaletwa jingine. Chini ya bango ndipo wanapokaa wenyewe: Meya, fundi cherehani anayejua kila kitu, Dalali wa vyumba, anayejua zaidi ya Meya, Redio, fundi wa redio na simu, ambaye hajui kitu lakini hazimiki, na Birika, muuza kahawa, anayewavumilia wote kwa kuwa ndio wateja. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa mji huu. Walikuja na vifurushi, wakaupenda mji kama mtu anavyompenda mama wa kambo mwenye mali, na sasa mgeni akiwauliza njia wanamcheka kwanza ndipo wamwelekeze.

Asubuhi ile Meya alikuja na jambo tumboni, akawa analizungukazunguka kama mtu asiyeona tundu la sindano. Shemeji yake anakuja. Wala si shemeji wa kutaniana naye, ni kaka mkubwa wa mkewe, mwalimu mstaafu, yule aliyesema mbele ya wazee siku ya posa kwamba dada yake anapewa mtu ambaye elimu yake yote inaenea kwenye mfuko wa shati na nafasi ya leso inabaki. Tangu siku hiyo Meya alikuwa akimlipa kwa simu. Kila mkewe akimpa simu asalimie, yeye ndiyo kwanza ametoka makumbusho. Asipopatikana, yuko kwenye maonyesho ya picha. Alishasema mpaka kwamba walinzi wa pale wakimwona wanampigia saluti. Basi mwalimu akatuma neno: safari hii hataki kuku wala godoro laini, anataka shemeji yake amwingize humo ndani amweleze kimoja baada ya kingine. Angefika jioni. Na Meya, tangu azaliwe, hajawahi kukanyaga humo.

Hilo la mwisho hakulitoa. Alichosema, huku akipuliza kahawa, ni hiki:

— Hivi siku hizi pale ndani wamepangaje? Sijaenda kitambo, nisije nikampoteza mgeni wa watu.

Dalali hakungoja hata funda lishuke.

— Wamepanga magae. Chungu kikivunjika kwako, unagombana na mkeo wiki nzima. Kikivunjika kwao, kinawekwa ndani ya kioo na kuwashiwa taa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wale wamekataa kuinama, wameweka mezani.

— Na picha?

Hapo Redio akadakia. Alisema ameziona zote kwa macho yake mawili, na kwamba iko moja nyekundu tupu, imejaa ukuta mzima, haina mtu, haina mti, haina hata nzi. Akaambiwa eti ni huzuni ya mama. Yeye akawajibu kwamba hiyo ni rangi iliyobakia kwenye ndoo, mtu akaona uvivu kuirudisha dukani.

— Mwanangu akipaka hivyo ukutani kwangu anakula kofi, akamalizia. Mwenzake kapaka, kapigiwa makofi. Ndiyo maana wakasema asiyefunzwa na mamaye.

— Nyie hamjui picha zinawekwa za nini, alisema Dalali. Zinaziba nyufa. Jengo lote lile limepasuka, tuulizeni sisi wenye kazi ya nyumba. Mimi chumba kikiwa na ufa natundika kalenda, napandisha kodi. Wao wanatundika picha, wanatoza kiingilio. Kazi ni ileile, wametuzidi koti tu.

Birika alicheka mpaka vikombe vikagongana mkononi. Redio hakupenda kuzidiwa, akaleta habari ya mifupa. Kuna mnyama mkubwa mle, mifupa mitupu, amefungwa kwa waya kuanzia shingo hadi mkia. Watu wanadhani ni mnyama wa zamani. Wapi. Fundi wa mawimbi akiuona waya ule anajua mara moja: ni antena. Kupitia mbavu zile wakubwa wananasa stesheni ambazo sisi tumefungiwa, na ndiyo sababu redio zote za mtaa huu zinakoroma.

Meya alikuwa amekuja kuokota, si kutoa. Lakini kusikiliza watu wawili wakidanganya kwa raha namna ile, na yeye amekaa kimya, ni adhabu asiyoiweza. Akakohoa. Akasimulia habari ya joho la mfalme wa kale lililotundikwa chumba cha pili kushoto. Siku ya kwanza alipoliona alimwita mkubwa wa pale, akamwonyesha kwamba bega moja limeshonwa kinyume, na kwamba mfalme yule lazima aliishi maisha yake yote akitembea upande kama kaa. Mkubwa akamsihi alirekebishe. Akakataa.

— Nikamwambia, mheshimiwa, haba na haba hujaza kibaba. Nikiwashonea leo bega, kesho mtaniletea suruali.

Utamu ulimkolea, hofu ya shemeji ikamtoka kabisa. Alikuwa amefika pale walinzi wanapomletea kiti, ndipo kivuli cha mtu kikaanguka miguuni pake. Koti la vifungo vyote, sanduku gumu mkononi, miwani ikining'inia kwenye kamba.

— Shikamoo, shemeji, alisema Meya, na kahawa ikamwagikia goti.

— Marahaba. Basi la alfajiri lilikuwa na nafasi. Nyumbani wameniambia nikufuate huku kwenye ukuta. Endelea, endelea, usikatize kwa ajili yangu.

Alikaa, akapewa kikombe, akasikiliza habari ya kiti hadi mwisho bila kukunja uso. Dalali akamwongezea nyufa, Redio akamwongezea antena. Kwa hakika walimpokea vizuri. Mwalimu alimaliza kahawa yake, akafuta mdomo kwa leso, akauangalia ukuta toka chini hadi kwenye bango.

— Vizuri sana. Mlango uko upande gani?

Dalali akanyoosha mkono kushoto na Redio akanyoosha kulia, kwa pamoja, mikono ikapishana mbele ya pua ya Birika. Meya hakubakiwa na upande. Akanyakua sanduku la mgeni, akashika kulia, kwa mwendo wa mtu anayesubiriwa.

Ukuta ukaenda, nao wakaenda nao. Wakapinda penye duka la magodoro, wakatokea barabara ya mbele, na Meya akauona ule mlango. Alikuwa anaujua tangu mwaka aliohamia. Ngazi pana, askari wa sare na rungu, maandishi makubwa juu. Redio ndiye aliyemwonya zamani zile kwamba pale ndipo wanapokagua leseni za biashara, na wakikukuta huna wanachukua cherehani na mwenye cherehani. Meya hakuwa na leseni siku ile, na hana mpaka leo. Miguu yake haikumwuliza. Ikafanya kama inavyofanya siku zote: ikavuka barabara, ikamgeuza uso kwenye madirisha ya maduka, na mkono ukaficha mfukoni ile futi ya kupimia watu. Alipotupa jicho nyuma, shemeji alikuwa amebaki ng'ambo, chini ya ngazi, amevaa miwani, ameinua kichwa. Meya akampigia mluzi wa chini kwa chini. Mwalimu akavuka, akamfuata.

Wakapinda tena. Wakapinda na tena. Mbele yao akatokea mtu ameinama anamimina kahawa, naye ni Birika. Walikuwa wamerudi kijiweni kwa upande wa kushoto.

— Mbona mapema? Dalali akauliza. Pamefungwa?

— Pamefungwa, alisema Meya, akamshukuru kimoyomoyo kuliko ndugu.

Mwalimu alivua miwani.

— Ule mlango wa ngazi, wenye askari. Pale ulipovuka barabara ukaniacha. Ni wa nini?

— Pale pa leseni, akajibu Redio haraka. Pale hatupiti, mzee. Hata huyu Dalali hapiti, wala mwenye birika. Sote tunazungukia sokoni.

— Na maandishi yaliyo juu yake, nani kati yenu amewahi kuyasoma?

Dalali aliangalia kiatu chake. Redio alifungua mdomo, mawimbi yakakatika. Birika akaanza kusafisha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Meya alikuwa amesimama na sanduku, na akaona kwamba shemeji yake hacheki. Angecheka, angejua la kumjibu. Ya posa aliyajibu miaka yote. Mwalimu alimsogelea, akashusha sauti ili wa kwenye ubao wasisikie, ingawa walisikia.

— Twende, shemeji. Mimi nawe. Mimi mwenyewe sijawahi kuingia makumbusho.

Njia ilikuwa nyeupe namna hiyo. Mtu mwingine angeipita. Lakini macho ya wenzake yalikuwa yamemganda mgongoni, na ulimi wake ukamtangulia kama kawaida yake.

— Nenda tu, shemeji. Mimi vitu vile nimeviona mpaka vimenichosha. Sanduku nitakulindia.

Mwalimu alirudisha miwani machoni. Akaitikia kwa kichwa, akajifunga kifungo cha juu cha koti, akaondoka peke yake kwa upande wa kulia.

Meya akarudi mahali pake, akauegemea ukuta, sanduku la watu juu ya mapaja kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Alinyoosha kikombe. Birika akainamisha birika lote, likatoa machicha. Dalali akasogea kumpa nafasi ya sanduku, na siku hiyo hakuna aliyemuuliza ni vitu gani vimemchosha.